Jini Niliyemtungia Shangazi

Siwema mwanangu,

Kwanza kabisa, zirudishe nyuzi kwenye gita lako. Nimezikuta zimeviringishwa ndani ya soksi chini ya kabati, na gita lenyewe umelilaza kitandani likiwa tupu kama kuku aliyenyonyolewa. Hukuniambia kitu, lakini mimi ndiye niliyekuzaa. Ama umeamua kwenda Nairobi bila kupiga, ama umeamua usiende kabisa, na yote mawili yametoka kinywani mwa Shangazi Mwanaidi, huyo shangazi yangu unayemwita bibi.

Juzi tukifunga duka uliniuliza, "Mama, lile linalonipata nikipiga, ni mimi au ni jini?" Nikajifanya nahangaika na kufuli. Barua hii ndiyo jibu. Ningeweza kukungoja urudi kutoka kwa baba yako Kigamboni nikuambie kwa mdomo, lakini nikimtaja mwanamke yule hasira hunipanda, na ningeishia kumtukana mtu mzima mbele yako, na kesho unasafiri. Kwenye karatasi angalau naweza kuvuta pumzi. Mambo ya kufunika chakula, kufua na kutotembea na simu mkononi siyaandiki. Umekulia Kariakoo. Ukiibiwa simu Nairobi utakuwa umeuaibisha mtaa mzima.

Jibu ni hili: hakuna jini. Hajawahi kuwepo. Nilimtunga mimi nikiwa mdogo kuliko wewe ulivyo sasa, na nilimtunga kwa kisasi.

Babu yako Salumu, baba yangu, alikuwa kuli bandarini. Siku moja baharia wa meli ya ngano alimwachia mfuko wa kaseti, sijui kwa wema gani, na baba akaja nao nyumbani hapa hapa, chumba hiki cha uani ninachoandikia. Mimi na mama tulitegemea nyimbo za mapenzi. Ilipowekwa ya kwanza, mama alidhani redio imeungua. Magita yalikuwa yanakwaruza, ngoma zinagonga kama mtu anayevunja mlango, na mwimbaji anapiga kelele kama aliyeibiwa. Mama akatoka nje. Mimi na baba tukabaki tukitazamana.

Sijui nikuelezeje, ila wewe huhitaji kuelezwa. Ilinishika hapa chini ya mbavu. Nilikuwa mtoto wa kike mpole, wa kuinamisha macho na kusema shikamoo kwa kila apitaye, na kumbe ndani yangu kulikuwa na kelele ya aina ile ile, imekaa inangoja mwenzake. Baba naye alikuwa akishinda na magunia mgongoni, anaitwa "we kuli" na vijana wenye umri wa kuzaliwa naye. Hakuwahi kumjibu mtu. Jioni alikaa na kikombe chake cha kahawa chungu, akaweka kaseti, na nadhani pale ndipo alipokuwa akiwajibu.

Hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Nyimbo aliziita kwa nafasi zake. Uliompendeza kuliko yote ulikuwa wa tatu, upande wa pili, wa kaseti yenye jalada jeusi. Unaanza na gita moja peke yake, polepole, muda mrefu kiasi kwamba mgeni angedhani ndio huo basi. Baba alikunywa kahawa yake wakati gita hilo likizunguka. Halafu alitua kikombe, akanyanyua kidole cha shahada, akasema, "Ngoja... ngoja..." Na ngoma zilipoingia na magita yote kwa pamoja alikishusha kidole: "Sasa!" Hakukosea hata siku moja. Mimi nilicheka hadi nikaumwa tumbo, nikatikisa kichwa mpaka mtandio ukaruka, na yeye alifurahi kuniona hivyo.

Baba alifariki ghafla kazini. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Matanga hayajaanuliwa vizuri, arobaini bado, nyumba imejaa wanawake wanaopepeta mchele, mimi nikajifungia chumbani na redio. Nikaweka ule wa tatu. Nilinyanyua kidole mwenyewe, ngoma zikaingia, nikatikisa kichwa nikilia. Kwangu huo ndio ulikuwa msiba wa kweli. Huko nje nililia kwa kufuata wenzangu. Shangazi Mwanaidi, dada yake baba wa tumbo moja, akafungua mlango.

Alichokiona ni binti nywele zimefumuka, macho yamemtoka, kamasi, kichwa kinakwenda mbele na nyuma, na redio inanguruma. Akapiga yowe lililosikika hadi sokoni.

"Jamani njooni! Mtoto kapandisha! Jini wa Kizungu huyo!"

"Shangazi, sijapandisha, nasikiliza tu."

"Mwaona? Na anajibu! Kaka yangu kafa kwa makelele haya haya, sasa linamtaka na mtoto."

Mwanangu, unajua mwenyewe jinsi watu wa hapa walivyo na pepo. Kila pepo ana ngoma yake, na fundi, mganga wa mambo hayo, humpigia mgonjwa hii na ile mpaka ifike ile ya kwake, hapo ndipo hutikisika. Mimi nilishaonekana natikisika. Kwao ushahidi ulikuwa umekamilika, kilichobaki ni kumpunga. Mama yangu alikuwa kwenye eda, amekaa chumbani na huzuni yake, hakuwa na nguvu ya kubishana na wifi. Fundi akaletwa. Nikafunikwa shuka, chetezo cha ubani kikawekwa chini ya pua yangu, manyanga na ngoma masikioni kutwa nzima. Nilikohoa mpaka nikatapika, wakasema ndiyo dalili.

Kesho yake fundi akasema vitu vya jini virudishwe baharini. Shangazi akauchukua mfuko wa kaseti, akanishika mkono, tukashuka hadi Magogoni, tukapanda kivuko. Katikati ya maji akazitupa moja moja. Nilimwomba. Nilimwambia, "Shangazi, za baba hizo, niachie hata moja." Hakunitazama. Alikuwa anatazama maji na mdomo ameubana. Zilielea kwanza, ndilo jambo lililoniuma zaidi, zilielea na kuyumba nyuma ya kivuko kama zinatufuata, kisha zikazama. Ile ya jalada jeusi ilikuwa ya mwisho.

Pale kivukoni, kati ya wachuuzi wa samaki na baiskeli zao, nilimwapia kimoyomoyo. Nilisema: utanilipa, Mwanaidi binti Hamisi, utanilipa mpaka uchakae.

Siku ya mwisho ya kupungwa fundi akauliza maswali yao. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Unataka nini? Siku zote hizo nilikuwa nimenyamaza. Sasa nikaikoroga sauti yangu kutoka tumboni, nikaikwaruza kama wale waimbaji wa baba, nikasema:

"Naitwa Kapteni! Nimetoka melini!"

Nikachungulia chini ya shuka nikaona miguu ya Shangazi imerudi nyuma. Sijawahi kuonja kitu kitamu namna ile.

"Kapteni, karibu," fundi akasema, sauti imempungua. "Unataka nini, bwana?"

"Nataka redio mpya. Nataka kaseti zangu, zilizotupwa zirudi. Nataka nipigiwe kila mwaka, sauti ya juu, mtaa mzima usikie. Na huyu aliyenitupa majini, asimame mlangoni ashike chetezo mpaka kaseti iishe. Asikae. Asiseme neno. Akikaa, naondoka na mtoto!"

Wakamtazama Shangazi. Akasema, "Taibu, bwana." Aliniita bwana, Siwema, mwanamke ambaye hata mume wake hakumwita bwana!

Akazunguka madukani kutafuta kaseti. Mhindi mmoja aliyekuwa na duka la kaseti Mtaa wa Uhuru, marehemu Bwana Kanti, alinisimulia baadaye akicheka. Alisema mama mmoja wa buibui alimjia na kumwambia, "Nataka kaseti za jini la Kizungu, yale makelele." Akamfungulia sanduku la kaseti za kelele, na yule mama akakaa kwenye stuli kutwa, anawekewa moja, anasikiliza, anasema siyo hii. Nyingine. Siyo hii. Bwana Kanti alikaribia kumfukuza. Nilicheka nikajishika mbavu. Nilidhani ni hofu, kwamba anaogopa kumletea Kapteni kitu kibaya akadhurika. Akaja na kaseti chache, na kati yake ilikuwamo ya jalada jeusi. Nilidhani ni bahati yangu.

Basi ikawa hivyo kila mwaka. Wewe umezikuta ngoma hizo, umeziona utotoni, ukala na pilau. Ulidhani mama anaumwa. Mama alikuwa anatesa mtu. Redio iliwekwa uani, baadaye nilipofungua duka nikawa naleta spika kubwa, zile wanazonunua wenye minada, na Shangazi anasimama mlangoni na chetezo chake, jasho linamtiririka, miguu inamvimba. Mwaka mmoja Kapteni alitaka avae nyeusi kichwani hadi miguuni katikati ya Februari. Mwaka mwingine alitaka ashike chetezo juu, usawa wa kifua. Aliponitia maneno kwa wakwe, mwaka huo Kapteni alitaka kaseti ipigwe mara mbili. Nilikuwa nikitikisa kichwa chini ya shuka huku jicho moja nimelitoa pembeni, namtazama uso. Kila akikunja uso, mimi moyo wangu unapoa.

Ukitaka nikuambie nilikosea wapi, ni hapo kwenye jicho. Miaka yote hiyo nimepigiwa muziki ninaoupenda kuliko chochote, kwa sauti ambayo hakuna binti wa Kariakoo aliyewahi kuruhusiwa, na sikuusikiliza. Nilikuwa kazini. Namtazama yeye. Ukitaka kujua alivyovaa Shangazi mwaka gani, alivyohamisha chetezo mkono gani, mimi nitakutajia, lakini niulize besi, gita la sauti nene kama hilo lako, inafanya nini kwenye wimbo wa tatu. Sikujua mpaka uliponiketisha mwaka jana ukanipigia peke yake. Nilitoka nikaenda jikoni, ukadhani sikupenda. Nilikwenda kulia.

Na kuna baba yako. Alinioa akijua nina Kapteni, akasema haidhuru. Mtu mpole, fundi wa boti, hakuwa na makuu. Lakini alikuwa muumini wa mambo hayo kweli kweli. Alilala ukingoni mwa kitanda akimwachia Kapteni nafasi. Nikicheka peke yangu alitoka nje. Siku moja akaniambia, "Hidaya, nyie mko wawili, na mimi sijui kila siku nazungumza na yupi." Siwema, ukweli ulikuwa ulimini. Ningesema neno moja tu asingeondoka. Lakini kumwambia yeye ni kumwambia mama yake, na mama yake ni kumwambia Shangazi, na Shangazi angepumzika. Nikamwacha mume wangu avuke maji kwenda Kigamboni ili Shangazi asipumzike. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi siiombi. Nakuambia tu ili ujue baba yako hakutukimbia. Nilimfukuza kwa uongo, na kesho nitavuka nikamwambie.

Halafu ukaja wewe na simu yako, ukajifundisha gita peke yako, ukachagua hilo la besi ambalo hata siku hizi watu hawalijui kazi yake. Kila spika mpya dukani nilikuwa naijaribu kwa muziki huo huo, nawaambia wateja, spika ikiuvumilia huu itauvumilia na mnada wako. Wewe ulikuwa mtoto uliyelala kwenye boksi la spika, sasa utaniambia umeutoa wapi? Umeutoa kwa babu yako na umeutoa kwangu, kama ulivyotoa pua. Hao wenzako wa Nairobi walikuona ukipiga kwenye simu wakakuita mkapige pamoja, ninyi ndio mmeitana. Hakuna kapteni kati yenu.

Lakini Shangazi akakunong'oneza kwamba jini hurithiwa, kwamba Kapteni amekuchagua, kwamba ukitoka nyumba hii kabla ya kukabidhiwa kiti, yaani kukubali akukalie wewe, utapotea njiani. Akapanga leo baada ya alasiri waje wanawake wake na mtoto wa yule fundi, ufunikwe shuka. Wewe ukamwamini, ukatoa nyuzi. Mimi nilipoambiwa sikugomba. Nilikutuma Kigamboni ukamuage baba yako, nikawakaribisha, nikachemsha chai. Nilikuwa nimeshajua nitakalofanya, na niliisubiri alasiri kama mtoto anavyosubiri Idi.

Wakaja. Shangazi kaja na mkongojo siku hizi, lakini chetezo kakibeba mwenyewe.

"Mtoto yuko wapi?"

"Atarudi, Shangazi. Tuanze, Kapteni hapendi kuchelewa."

Nikajifunika shuka. Wakaanza manyanga. Sikungoja hata ubani uwake, nikapandisha.

"Sitaki mtoto!" Sauti ile, mwanangu, bado ninayo. "Mtoto namwachia aende zake, asiguswe na mtu! Na huyu Hidaya nimemchoka! Nataka kiti kipya. Namtaka yule mzee mwenye chetezo!"

Manyanga yakanyamaza. Mtoto wa fundi akasema polepole, "Bi Mwanaidi?" Na mimi chini ya shuka nilikuwa nimelitoa jicho langu, nangoja. Nilingoja aporomoke. Nilingoja alie, aombe, aseme Kapteni nihurumie mimi mzee. Nilikuwa nimemtayarishia hofu ya maisha yake yote yaliyobaki, alale ukingoni kama alivyolala baba yako.

Shangazi akatua chetezo chini. Akawaambia wenzake, "Haya, tokeni. Kapteni anataka faragha na kiti chake." Wakatoka mbio, nadhani kwa furaha. Akavuta kiti, akaketi. Aliketi, Siwema. Mbele ya redio, kwa mara ya kwanza, akanyoosha miguu.

"Jifunue, unatoka jasho bure," akaniambia. "Niwekee wa tatu. Upande wa pili."

Nikabaki na shuka mkononi.

"Shangazi, unaujuaje?"

"Weka kwanza."

Nikaweka. Gita lile moja likaanza kuzunguka. Akafumba macho.

"Hidaya, mimi nimewaona wenye majini wangapi Kariakoo hii? Jini gani wa melini anaongea Kiswahili cha mtaa wa Gerezani? Siku ile ile nilijua unanidanganya."

"Ulijua?"

"Nilijua. Siku ulipofungua mdomo."

"Sasa mbona ulisimama? Miaka yote, Shangazi, mbona ulisimama pale mlangoni?"

Gita likazunguka tena.

"Kaka yangu alikuwa akitoka bandarini anapita kwangu kwanza. Unadhani redio ile alianza kuisikilizia hapa? Alianzia kwangu. Mume wangu hakupenda makelele, ndiyo akaja nayo huku. Siku alipokufa sikutaka kuyasikia tena. Nikaona wewe umeyaweka, nikaona kama unamchezea kaka yangu. Nikazitupa kwa mkono wangu. Hatujafika ng'ambo nimeshajuta." Akafuta pua kwa ncha ya mtandio. "Mtu mzima anamwombaje mtoto radhi? Anaanzia wapi? Halafu ukasema Kapteni anazitaka. Kila mwaka. Nikasema alhamdulillahi. Nimesimama, ndiyo. Ningesimama hata kwa mguu mmoja."

Nikakumbuka stuli ya Bwana Kanti. Siyo hii. Siyo hii. Alikuwa anaitafuta. Na uso ule niliokuwa nikiukodolea macho miaka yote, ule mkunjo niliokuwa nikiunywa kama maji ya madafu, haukuwa mateso. Mwanamke alikuwa anamlilia kaka yake kwenye ngoma niliyomwandalia mimi, kwa gharama yangu, kwa spika zangu. Nilimchapa na fimbo miaka mingi, kumbe fimbo ilikuwa muwa.

"Na Siwema?" nikamuuliza. "Umemtisha mtoto wangu kwa jini unayejua hayupo?"

"Akienda na gita lake nani atanipigia?" akasema, bila haya, kama mtoto. "Tangu nihamie nyumba ya pili namsikia kila jioni kupitia ukutani. Anapiga kama Salumu angepiga. Nilitaka abaki kidogo tu. Nikishakufa aende anakotaka."

Umesikia hayo? Alikuwa tayari kukuzika uani hapa, wewe na gita lako na hao wenzako wanaokungoja, ili yeye apate kitu cha kusikiliza jioni. Nilihisi hasira ya kivukoni imerudi yote, haijapungua hata tone. Watu husema ukishamwelewa mtu unamsamehe. Mimi leo nimemwelewa Shangazi kabisa, na sijamsamehe.

Gita lilikuwa linakaribia mwisho wa mzunguko wake. Naye akakaa wima, macho amefumba, akanyanyua kidole cha shahada. Kidole cha baba, mwanangu. Kimepinda vile vile kwenye kifundo.

"Ngoja," akasema. "Ngoja..."

Nikachomoa waya ukutani.

Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, kama mkono ulioishi na kazi moja tu. Pakawa kimya, ukasikika mnada wa huko nje Mtaa wa Kongo. Shangazi hakufumbua macho. Hakunigombeza. Alibaki vile vile na kidole hewani, anangoja, muda mrefu kuliko ninavyoweza kuuvumilia hata sasa nikiuandika. Halafu akakishusha polepole, akatafuta mkongojo wake, akasema, "Haya. Tumelipana." Akaondoka, chetezo kakisahau. Kipo hapo mlangoni, utakikwaa ukiingia, angalia miguu.

Nimeshinda, Siwema. Nilimwapia atanilipa, na amelipa. Nimekaa hapa tangu hapo na redio iliyozimwa, na sijisikii kama mtu aliyeshinda, lakini sikudanganyi, pia sijutii kiasi kinachotakiwa. Nikiona waya ule najua ningeuchomoa tena. Hivyo ndivyo nilivyo, nimeshakomaa hivi, na mti mkavu haupindwi.

Ulitaka kujua umerithi nini nyumba hii. Umerithi kelele ya babu yako, na hiyo ni yako halali, hakuna wa kukupunga. Kinachoniogopesha ni kingine. Ni mkono wangu huu. Huko uendako watakudhulumu, hilo sina shaka, wanamuziki ni watu kama wengine. Kuna atakayekuibia wimbo, kuna atakayekutupia vitu vyako majini mbele ya macho yako. Mkasirikie, mgombeze, mpigie makelele mpaka spika ipasuke. Ila ukiwa unapiga, piga. Usitoe jicho pembeni kutazama anaumia kiasi gani. Mimi nilitazama, na wimbo umepita.

Kesho alfajiri atakuja kukuaga. Atakuja tu, namjua, atasimama mlangoni kwa mazoea. Mimi sitaweza kumfanyia kitu, nimejaribu kujilazimisha tangu jua lizame na moyo umekataa. Wewe hukuapa kivukoni. Wimbo ulikatika pale pale ngoma zilipotaka kuingia, na besi ndiyo inayoziingiza, wewe ndiye uliyenionyesha. Ukitaka kumpigia kutoka hapo, mpigie. Ukitaka kupita na begi lako ukampa mkono ukaondoka, ni haki yako pia, na sitakuuliza.

Ila kwa lolote utakaloamua, mwanangu, gita haliwezi kusafiri hivyo. Nyuzi nimekuwekea juu ya mto. Anza na ile nene.

Mama yako,
Hidaya